Kilichobaki Sahanini

Pudentienne aliteremka kwenye basi la Huye pale Nyabugogo, stendi ya Kigali, na mfuko wa sombe, kisamvu kilichokwisha kutwangwa, chupa mbili za mawese na unga wa muhogo wa kulisha harusi, akampita binti yake bila kumjua. Alimpita hatua tatu nzima. Ilibidi Daphrose amwite ndipo akageuka, akamkagua kuanzia kitambaa cha kichwani hadi viatu, kisha akamuuliza mkwewe, "Cassien, huyu ni nani umekuja naye?"

"Ni mimi, Mama," Daphrose alisema.

"Sauti ni yake." Mzee alimshika mkono juu ya kiwiko, penye nyama, akaminya kama mtu anayechagua parachichi sokoni. "Lakini binti yangu mimi alikuwa anajaza kiti cha basi. Ile nusu nyingine iko wapi?"

Vijana waliokuwa wakikata tiketi walicheka. Daphrose naye akacheka, maana kulia pale stendi kungekuwa aibu kubwa zaidi. Swali la mama yake lilikuwa na jibu, tena jibu la kweli kabisa, ila hakuwa na ubavu wa kulitoa. Wiki sita nyuma daktari alikuwa amemkata mfuko wa chakula tumboni, akaondoa sehemu kubwa na kumwachia kipande cha ukubwa wa ndizi moja. Sukari ilikuwa imeanza kumla figo, magoti yalikuwa hayataki tena kupanda mlima wa Nyamirambo, na kiwanja chao cha Bugesera kiliuzwa ili kazi hiyo ifanyike. Cassien alijua. Christella, fundi aliyeshona naye dukani, alijua. Mama hakujua.

Angemwambiaje? Miaka ile ya vita, walipokuwa wakiishi Buyenzi kule Bujumbura, Pudentienne alikuwa akiwapakulia watoto wake wanne, kisha anakaa pembeni na kusema, "Kuleni, mimi nitakula mtakachobakiza." Hawakubakiza kitu hata siku moja. Daphrose, mwenye miaka kumi na miwili wakati huo, ndiye aliyelamba sufuria. Ndiyo maana alipokuja kunenepa, mama yake alitembea na picha yake kwenye mkoba akiwaonyesha watu wa parokia: tazameni, huyu ndiye yule. Sasa uende umwambie mzee wa miaka sabini na mitatu kwamba tumbo alilojinyima ili alijaze, umelipa watu walikate walitupe? Daphrose alijiambia atamweleza polepole. Polepole ya Daphrose tunaijua sisi. Nguo ya Krismasi humaliza kuishona Januari.

Jioni hiyo Pudentienne hakutaka kupumzika. Aliingia jikoni, akamfukuza kila mtu, akatoka na sombe inayometa mawese, nyama ya mbuzi na ugali wa muhogo uliosimama. Akampakulia Daphrose kwanza, mlima. Akampakulia Cassien. Kisha akakaa, mikono mapajani, sahani yake tupu mbele yake, akingoja wenzake wamalize na kubakiza. Miaka thelathini imepita na chakula kipo tele, lakini tabia hiyo hakuna aliyeweza kuitoa.

"Kula, mwana wanje. Umekuwa mifupa."

Hakuwa mifupa. Bado alikuwa mwanamke wa kuonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Lakini kwa wiki sita alikuwa ameishi kwa supu ya kuchujwa, kisha uji, kisha vitu vilivyosagwa kama vya mtoto asiye na meno, na Kaliza, yule binti wa lishe wa hospitalini, alikuwa amemwonya: ugali kwa sasa usiuguse, utakwama hapo kifuani kama saruji. Daphrose alishika tonge. Akalitazama. Tonge nalo likawa kama linamtazama.

Cassien ni mtu mwema, na tatizo la watu wema ni kwamba hawawezi kuona mtu akisumbuka bila kuingiza mdomo.

"Mama," alisema, "Daphrose amefunga."

"Amefunga nini?"

"Novena. Siku tisa za sala na kufunga. Ni kwa ajili ya Alida, hii mitihani ya taifa."

Alida ni binti yao wa pekee, yuko bweni, na hajawahi kushika nafasi chini ya tatu. Daphrose alimtupia mumewe jicho la kumchoma. Mwanaume mwenyewe kanisani hajaonekana tangu Pasaka, leo ndiye wa kutangaza novena! Lakini uso wa mama yake ulikuwa umeshafunguka, umeng'aa.

"Kwa hiyo kukonda kote huku ni sala?"

"Ego, Mama," Daphrose aliitikia kwa Kirundi, na hapo akawa mshirika.

"Na mimi njia nzima nilikuwa nafikiri mambo mabaya, Mungu anisamehe. Nilifikiri huyu Cassien amekuletea ugonjwa." Cassien alipaliwa na mate. Pudentienne alisukuma sahani yake kando, akafanya ishara ya msalaba. "Basi mjukuu ni wangu pia. Kuanzia sasa tunafunga wote. Siku utakayofungua wewe, na mimi nafungua. Cassien, baba, kula wewe. Chakula kisiharibike."

Cassien akala chakula cha watu watatu usiku huo. Jumapili akala tena. Jumatatu akabeba sombe kwenye bakuli kubwa hadi Masoro, kwenye kiwanda anakotunza ghala, na wenzake wakampongeza kwa kupata mke anayejali.

*

Duka la Daphrose hushona mishanana, yale mavazi ya kike ya kufunga begani, na nguo nyingine za sherehe, na ndani yake, kwenye kona, kuna pazia la kitenge ambako wateja hujaribia nguo. Nyuma ya pazia hilo, wiki ile, mwanamke anayedaiwa kufunga alikuwa akila mara sita kwa siku.

Hakuwa na namna. Tumbo lile lilibeba kidogo mno, na asipolipatia kidogo hicho kila baada ya saa mbili, alitetemeka na kuona nyota. Christella alikaa kwenye cherehani mlangoni. Akimwona mtu anakuja, alikanyaga cherehani hata kama haikuwa na uzi, na Daphrose akisikia mlio ule alificha bakuli chini ya mishanana ya maharusi.

Jumanne ndiyo ilikuwa siku yake ya kuanza kitu kigumu. Kaliza alipiga simu asubuhi. Amekulia Kampala, na Kiswahili chake hukimbia.

"Mama Alida, leo unaanza yai la kuchemsha. Robo tu. Kijiko cha mtoto. Unatafuna mara ishirini na tano, unameza, unangoja. Maji usinywe mpaka nusu saa ipite. Ukisikia kwikwi au kifua kinabana, hapo hapo unaacha. Hata kama kumebaki kidogo, unaacha. Sawa?"

"Sawa, binti yangu."

"Usifanye haraka. Ukifanya haraka itakwama, utalia."

Daphrose aliketi nyuma ya pazia na robo ya yai kwenye kisahani cha chai. Miaka arobaini na mmoja amekula, na sasa alikuwa na woga kama wa mwanafunzi. Akatafuna akihesabu kwa kidole gotini. Ishirini na tano. Akameza. Kitu kikashuka, kikafika, kikatulia. Kilikuwa chakula hasa, chenye ladha na uzito wake. Alifurahi mpaka machozi yakamtoka, kisha akakumbuka kwamba mama yake yuko nyumbani anakunywa chai isiyo na maziwa, na machozi yakaendelea kwa sababu nyingine.

Cherehani ilinguruma. Aliingia Mukasine, mteja wa miaka mingi, kupima gauni la ubatizo wa mjukuu. Wakati Daphrose amepiga magoti anamwekea pini kwenye pindo, Mukasine aliinama na kumnong'oneza sikioni.

"Mama Alida, usione aibu kwangu. Siku hizi dawa iko, na wanatoa bure. Dada yangu anakunywa mwaka wa kumi na tano na iko mnene kunishinda."

Daphrose alikuwa na pini nne mdomoni. "Asante," alisema kupitia katikati ya pini. Angeweza kumweleza. Lakini hadithi ya mtu aliyelipa ili asile ilionekana, mtaani kwao, ngumu kusimulia kuliko ile ya ugonjwa.

*

Kufika Jumatano, Pudentienne alikuwa anaushika ukuta akienda bafuni.

Daphrose alimkuta sebuleni na rozari, midomo imekauka. Akapiga magoti mbele yake. "Mama, padri alisema wazee hawalazimiki kufunga. Na wewe una presha. Dawa zako zinataka chakula."

"Padri wenu alizaliwa jana. Dawa nameza na chai."

"Kula hata uji basi. Mungu ataelewa."

"Mungu anaelewa, ni mimi sielewi." Mzee alimpapasa shavu. "Mtoto wangu hajala, mimi nishike kijiko? Lini uliniona nafanya hivyo? Fungua wewe, nitakufuata hapo hapo."

Daphrose alikwenda jikoni, akafunga mlango, akamgeukia Cassien aliyekuwa anaosha vyombo.

"Atakufa. Umeniulia mama."

"Mwambie ukweli."

"Mwambie wewe! Si wewe uliyemwingiza Mungu humu ndani?"

"Nilitaka kukuokoa na ugali." Cassien alifuta mikono kwenye suruali. "Basi jifanye umefungua. Kula mbele yake."

"Nile nini? Atanipakulia mlima, nitakula vijiko vinne, halafu? Atajua." Akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa. "Unajua kinachoniuma, Cassien? Amefunga yeye peke yake. Mimi nakula mara sita. Nilikula akilala njaa Buyenzi, na leo Kigali nakula tena akilala njaa."

Cassien alisogea karibu. Alichuchumaa, akamshika miguu yote miwili, wakakaa hivyo mpaka maji kwenye beseni yakapoa. Walikubaliana kwamba kesho jioni, wakiwa wote wawili, watamweleza.

*

Kesho yake mchana, Christella alikuwa ametoka kununua zipu. Pudentienne, ambaye siku zote alisema mlima ule wa kwenda dukani ni wa mbuzi, aliupanda na rozari mkononi ili asali sala ya saa sita pamoja na binti yake. Hakukuwa na cherehani ya kumtangaza. Aliingia dukani, akasikia mtu nyuma ya pazia, akalivuta.

Daphrose alikuwa amekaa kwenye kigoda, kijiko cha mtoto mkononi, yai mdomoni. Alikuwa amefika kumi na tisa.

Na hapa ndipo aibu ilipozidi aibu, kwa sababu hata kujitetea hakuweza. Akimeza sasa litakwama. Akitema, katema chakula mbele ya mama yake. Ikabidi aendelee kutafuna, ishirini, ishirini na moja, wanatazamana, machozi yanateremka, ishirini na nne, ishirini na tano. Akameza.

"Mama, ngoja nikwambie."

"Sikuulizi," Pudentienne alisema taratibu. Akageuka atoke. Kabla ya hatua ya pili akaenda chini juu ya vitambaa vya watu, na rozari ikateleza mpaka mlangoni.

Christella alirudi mbio. Wakamwita nesi wa duka la dawa la jirani, akaja na kipimo cha presha, na wapita njia nao wakaja, maana Nyamirambo mtu haanguki peke yake. Nesi alimpima, akamfungua jicho, akamnywesha maji ya sukari kwa kijiko. Kisha akauliza kwa sauti ya kusikika hadi barabarani:

"Huyu mzee hana ugonjwa. Ana njaa. Nani anakaa naye?"

"Mimi," Daphrose alisema. "Mimi ni mtoto wake."

Nesi alimtazama kwa muda mrefu. Watu nao wakamtazama.

*

Nyumbani walimlaza kitandani kwa Alida. Cassien aliomba ruhusa kazini, akapitia sokoni, na alipofika alikuta mkewe amekaa sakafuni kando ya kitanda.

"Mama, sikufunga," Daphrose alikuwa anasema. "Haikuwepo novena."

"Nimeona."

"Si kama unavyofikiri. Nilipasuliwa." Na akasema yote: sukari, figo, kiwanja, daktari, ndizi moja, pazia. Alisema bila kupumzika, kama anayeogopa kwamba akinyamaza hataanza tena.

Pudentienne alisikiliza akitazama dari. "Walipeleka wapi?" aliuliza mwishoni.

"Nini, Mama?"

"Kile walichokata."

"Sijui. Nafikiri hospitali wanachoma."

"Wanachoma," alirudia, na akageukia ukuta.

Hakugombana, na ingekuwa nafuu kama angegombana. Cassien alileta uji, mzee akasema "Oya", hataki, bila kugeuka. Akaleta chai ya maziwa, oya. Mwishowe akaleta alichokitafuta soko zima, mukeke, samaki wa kule kwao Bujumbura, aliyemchemsha na nyanya na kitunguu. Harufu yake ilijaa chumba. Mabega ya mzee yalitikisika kidogo, lakini hakugeuka.

"Mama, kula. Nakuomba," Daphrose alisema.

"Nilitoa ahadi. Nafungua ukifungua wewe. Wewe ulidanganya, mimi sikudanganya."

Daphrose alivuta sahani. Alikata kipande akilia, akakitia mdomoni akilia, akatafuna mara sita au saba na kumeza.

Kilikwama. Kilisimama katikati ya kifua, kikakaza, na mate yakaanza kujaa mdomoni kama povu la sabuni. Aliinamia beseni, jasho linamtoka. Cassien alikimbilia maji, na yeye akamkatalia kwa mkono, hapana, hapana. Ndipo kitanda kikalia. Mwanamke aliyeanguka mchana kwa njaa alikuwa amesimama, ameshika kiuno cha binti yake kwa mkono mmoja, na kwa mwingine anamsugua mgongo kuanzia chini kwenda juu.

"Pumua. Usikilazimishe. Pumua tu, mwana wanje. Kitatoka."

Kilitoka. Daphrose alijiegemeza kwenye magoti ya mama yake, amelowa, ameishiwa. Cassien alimpigia Kaliza simu, Kaliza akasema wasiogope, wangoje saa nzima ndipo ajaribu tena, kidogo sana. Pudentienne akainyakua simu.

"Wewe ndiye unayemfundisha kula? Umeshalea mtoto?"

"Bado, Mama."

"Nilijua. Mimi nimelea wanne wangu na wawili wa watu. Mtoto anayeanza chakula hapewi kipande na kisu. Wewe niambie vipimo tu, kazi nyingine niachie." Akasikiliza, akatikisa kichwa, akasikiliza tena. "Ishirini na tano? Iko sawa."

Walingoja saa nzima. Cassien alimsihi mzee ale kwanza yeye, akajibiwa kwamba aliyengoja siku tano hashindwi na saa moja. Saa ilipotimia, Pudentienne alinawa mikono, akaketi ukingoni mwa kitanda, akamchambua mukeke kwa vidole bila hata kutazama. Miiba alikuwa akiijua kwa kugusa tu. Akaponda minofu kati ya kidole gumba na cha shahada mpaka ikawa kitu cha ukubwa wa punje ya haragwe.

"Fungua mdomo."

Mwenye duka, mke wa mtu, mama wa binti wa sekondari, alifungua mdomo.

"Rimwe, kabiri, gatatu," mzee alihesabu kwa Kirundi, akimtazama taya, mpaka ishirini na tano. "Meza. Ngoja. Imefika?"

"Imefika."

Punje ya pili. Ya tatu. Katikati ya ya nne Pudentienne alisema, bila kuacha kuponda, "Ungeniambia ningekuja kukulisha tangu siku ile ya hospitali. Siku zote hizo ulilishwa na nani?"

"Cassien."

"Ndiyo maana umekonda." Cassien, mlangoni, alikubali kosa.

Punje ya tano ilishuka, na Daphrose akapigwa na kwikwi moja ndogo. Mkono wa mama yake ulikuwa umeshafika tena mdomoni pake.

"Basi, Mama. Nimeshiba."

Mkono ule ulisimama hapo hapo. "Umesema nini?"

"Nimeshiba."

"Sema tena."

"Nimeshiba, Mama. Nimeshiba kabisa."

Miaka yote ile ya Buyenzi, neno hilo Pudentienne hakulisikia kwa mtoto wake yeyote. Alitazama sahani. Samaki alikuwa karibu mzima, tumbo, mkia, kichwa, na mchuzi umemzunguka. Aliipokea sahani mapajani polepole, kana kwamba mtu angemzuia.

"Basi leo kimebaki," alisema, na akaanza kula.

Alikula kwa mikono miwili. Alinyonya miiba, akageuza upande wa pili, akafyonza shavu la samaki mpaka likalia. Halafu, bila kuinua kichwa, akauliza, "Cassien, na ugali uko wapi?"

Cassien alikimbia jikoni, akarudi na sahani mbili za ugali, moja ya mzee na moja yake.

"Rudisha moja," Pudentienne alimwambia. "Mungu ameshatajiwa jina la Alida, hatuwezi kumwacha njiani. Zimebaki siku nne, na hizo ni zako za kufunga."

Daphrose alicheka akijishika tumbo, penye vidonda vidogo vya upasuaji vilivyokwisha kupona. Kisha akapanda kitandani kando ya mama yake na kukaa pale akimtazama akila, tonge baada ya tonge, mpaka sahani ikawa nyeupe.